Dini haimo katika mambo ya Muungano, mbona haituachi?

Mtoa mada

Wakuu, heshima kwenu. Mada hii nimeikalia muda mrefu nikiogopa kwamba nikiitupa itageuka uwanja wa matusi. Leo naileta kwa sharti moja: mwenye hamu ya kutukana dini ya mwenzake atafute pengine.

Tuanze na orodha. Hati za Muungano alizotia saini Mwalimu Nyerere na Mzee Karume tarehe 22 Aprili 1964 zilitaja mambo 11. Katiba na serikali ya Muungano, mambo ya nje, ulinzi, polisi, hali ya hatari, uraia, uhamiaji, biashara ya nje na mikopo, utumishi, kodi ya mapato na forodha, halafu bandari, usafiri wa anga, posta na simu kwa pamoja. Dini haimo. Orodha hiyo imekua mpaka 22. Sarafu imeingia, mafuta na gesi vimeingia, elimu ya juu imeingia, Baraza la Mitihani limeingia. Hata utabiri wa hali ya hewa ni jambo la Muungano. Dini bado haimo.

Mimi siamini kwamba waliisahau. Upande mmoja nchi kubwa yenye Waislamu, Wakristo na watu wa mizimu ya babu zao wote wamechanganyika, upande mwingine visiwa ambavyo karibu kila mtu ni Muislamu, na Mapinduzi yametimiza miezi mitatu tu. Nani angethubutu kuliandika neno hilo? Wazee walifunika kombe mwanaharamu apite. Shida ni kwamba mwanaharamu hakupita. Amekaa sebuleni mwaka wa sitini na sasa.

Kumbukeni OIC. Desemba 1992 Zanzibar, chini ya Rais Salmin Amour, ilijiunga kimyakimya na jumuiya hiyo ya nchi za Kiislamu. Habari zilipotoka mwanzoni mwa 1993 nchi ilichafuka. Kamati ya Bunge ikachunguza, ikasema Katiba imevunjwa, kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano na Zanzibar peke yake haina kalamu ya kutia saini huko. Hapo ndipo pa kutulia kidogo: kamati haikusema kosa ni Uislamu wa jumuiya ile. Ilisema aliyetia saini siye. Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa.

Basi yangekwisha, kama kweli ugomvi ulikuwa OIC. Mwezi huohuo wa Agosti wabunge 55, wale tuliowaita G55, wakapeleka hoja bungeni kudai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. OIC imesahaulika tayari! Ndani ya miezi michache ugomvi ulioingia umevaa kanzu ulikwishaivua, na mwili wake ukaonekana: kwa nini mwenzetu ana serikali yake na sisi hatuna? Mwalimu, ambaye alikwisha kung'atuka, alirudi ulingoni kuipiga vita hoja ile, na mwaka 1994 ikazikwa. Ilizikwa kaburi la kina kifupi, maana mwaka 2013 Tume ya Jaji Warioba iliikuta hai na kuiandika kwenye rasimu ya Katiba mpya: serikali tatu.

Ndiyo hoja yangu. Sisemi hakuna chuki za kidini, zipo. Nasema ugomvi tunaouita wa dini ndani ya Muungano, mara nyingi ni ugomvi wa mamlaka uliovishwa kanzu ama joho, kwa sababu nguo hizo zinakusanya watu haraka kuliko kifungu cha Katiba.

Na hauishi kwa sababu Tanganyika ilijivika koti la Muungano. Msemo huo ni wa Wazanzibari, nami Mbara naukubali. Serikali ileile inayosimamia mambo ya Muungano ndiyo inayosimamia mambo ya Bara yasiyo ya Muungano. Kwa hiyo Muungano hauna sura yake. Ukisema "hapana" kwa Zanzibar, Mzanzibari anaisikia sauti ya Tanganyika, na akikumbuka Tanganyika ina maaskofu wengi, anasikia sauti ya kanisa. Zanzibar nayo ikijaribu jambo, Mbara haoni nchi yenye madai yake, anaona Waislamu wanaomburuta.

Mfano ulionifumbua macho ni Mahakama ya Kadhi. Mwanzoni mwa 2015 kulikuwa na muswada wa kuzitambua mahakama hizo Tanzania Bara. Bara tu, maana Zanzibar wanazo. Bunge la kuujadili ni lipi? La Muungano, kwa kuwa Bara haina lingine. Humo wamo wabunge wa Zanzibar. Yaani mbunge wa Pemba, mwenye kadhi wake nyumbani, alikuwa na kura juu ya kadhi wa Kigoma, ilhali mbunge wa Kigoma hana kura hata robo juu ya kadhi wa Pemba. Machi mwaka huo Jukwaa la Wakristo likawataka waumini waikatae Katiba Inayopendekezwa, na suala la kadhi likiwa mojawapo ya sababu. Muswada ukawekwa kando. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30 haikupigwa mpaka leo. Kadhi, katiba, serikali tatu: vyote vilikwama kwenye mlango mmoja.

Na msiniambie ni mambo ya kale. Mwaka 2023, wakati wa mkataba wa bandari na watu wa Dubai, maaskofu Katoliki walitoa tamko la kuupinga. Hoja za mkataba zilikuwepo, nzito tu, lakini mitandaoni wangapi walikaa kwenye vifungu? Wengi walikwenda moja kwa moja kwenye Uzanzibari wa Rais na ushungi wake. Na neno Tanganyika likafufuka midomoni mwa watu ambao walizaliwa halipo.

Msimamo wangu: Tanganyika irudi, kila upande uendeshe mambo yake na watu wake, na dini ibaki nje ya orodha kama ilivyo. Wengine wanasema kinyume, kwamba tuandike kifungu kabisa cha dini katika Muungano, kila mmoja ajue mpaka wake. Mnasemaje?

Mshika kalamu nyekundu

Mkuu, kabla hamjaenda mbali. Kuna mtu atakuja kusema "makoloni mawili yaliungana". Tanganyika ilikuwa koloni chini ya Mjerumani. Kwa Mwingereza ilikuwa nchi ya udhamini, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa, kisha Umoja wa Mataifa. Zanzibar ilikuwa nchi lindwa tangu 1890, na Sultani wake yupo. Naweka sawa tu.

Mtoa mada

Nimekupata. Ila babu yangu aliyelipa kodi ya kichwa hakuambiwa tofauti yake.

Mpemba wa Kariakoo

Assalaam alaykum nyote. Mie Mpemba, duka langu lipo Kariakoo mwaka wa kumi na tisa, kwa hiyo Muungano siujui kwa kusoma, naujua kwa kuulipia kodi.

Mtoa mada, umesema mazuri, lakini umetuvua kanzu bila kutuuliza. Unasema si dini, ni mamlaka. Kwani kwetu vitu hivi viwili vinatengana wapi? Mamlaka ya nini kama huwezi kuchagua utakaa baraza gani na jamaa zako? Zanzibar ilikuwa na masheikh, vyuo na wanazuoni wanaofuatwa kutoka Lamu hadi Ngazija kabla hajazaliwa mtu wa kuandika orodha ya mambo 11. Halafu unanambia kutaka kwetu OIC kulikuwa kisingizio cha siasa. Wapo waliofanya siasa, sikatai. Babu yangu hakuwa mwanasiasa, alifurahi kwa sababu ni Muislamu.

Na hebu nielezeni hili, nicheke. Uganda ipo OIC tangu 1974. Waislamu wake wachache, na mpaka leo haijawa dola la Kiislamu. Msumbiji iliingia 1994, mwaka mmoja baada ya sie kutolewa. Maana yake Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, Mkristo na rozari yake, nchi yake imo OIC. Mie wa Wete simo. Mwaka 2008 waziri wa mambo ya nje wa Muungano akaligusa tena, maaskofu wakawaka, likafunikwa. Hapo napo kamati gani iliyosema "aliyetia saini siye"? Safari ile ilikuwa Muungano wenyewe! Kwa hiyo ile sababu ya kalamu ilikuwa nusu tu ya sababu.

Ubalozi wa Vatican upo Dar es Salaam tangu miaka ya 1960. Mwaka 1992 Serikali ilitiliana saini makubaliano na makanisa kuhusu shule na hospitali zao. Hayo hayakuleta kamati.

Mwalimu mstaafu, Songea

Mpemba, waalaykum salaam, mwanangu. Nimefundisha miaka thelathini na minne, hivyo niruhusu nikusahihishe bila kukukaripia.

Vatican ni dola, dogo, lakini dola. Tunabadilishana nao mabalozi kama na Cuba. OIC ni jumuiya, unajiunga na malengo yake, na malengo yake yameandikwa kwa jina la dini moja. Huo ndio ukakasi wa wengi, na si chuki. Makubaliano ya 1992 nayo nayajua kwa mwili wangu. Hospitali ya Peramiho ni ya wamisionari wa Kibenedikto, imenitibu mimi Mkatoliki na imemtibu jirani yangu Muislamu, kwenye foleni moja. Serikali ikitia mkono pale inamsaidia mgonjwa, haibatizi mtu.

La Uganda na Msumbiji umenishika. Sina jibu zuri. Nitasema tu kwamba wao hawana ndani ya nchi yao nchi nyingine yenye rais, bendera na wimbo wake. Kwao kujiunga hakukuwa swali la nani anamburuta nani. Nikisema hivyo naona namsaidia mtoa mada, ambaye sikubaliani naye.

Sikubaliani naye kwa sababu yeye analiona lile kombe lililofunikwa kama udhaifu. Mimi nasema limetulea. Sensa ya mwisho kumuuliza Mtanzania dini yake ni ya mwaka 1967. Tangu hapo hatuhesabiani. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waliigomea sensa wakitaka swali hilo lirudi, serikali ikakataa, na nadhani ilifanya vema. Sudan walichagua kuandika. Mwaka 1983 wakaweka sharia kwa nchi nzima, na kusini hakukuwa na Waislamu wa kutosha kuibeba. Mwaka 2011 zikawa nchi mbili, baada ya makaburi yasiyohesabika. Najua mafuta yalikuwemo, na mamlaka yalikuwemo. Lakini kalamu nayo ilikuwemo.

Serikali tatu zikija, kwenye kampeni ya kwanza ya urais wa Tanganyika mtauliza mgombea anasali wapi. Leo rais akiwa Mkatoliki, anayefuata huwa Muislamu. Nyerere, Mwinyi, Mkapa, Kikwete, Magufuli, Samia. Haikuandikwa popote, na imekwenda hivyo. Mkiiandika tu, mtaiua.

Mpemba wa Kariakoo

Shikamoo mwalimu. Foleni ya Peramiho sina ugomvi nayo. Ila kombe ukilifunika, aliye ndani ya kombe hapumui.

Mke wa Unguja, binti wa Tanga

Naomba nitoke kwenye marais, nishuke jikoni.

Nimezaliwa Tanga, nimeolewa Unguja, Muislamu kwa baba na mama. Tanga ndoa yangu ingekuwa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Nimevuka bahari hii moja, hiyo sheria haifiki, nipo kwa kadhi. Kadhi wa serikali, ana mahakama na mshahara. Mufti naye yupo kwa sheria ya 2001, anateuliwa na Rais wa Zanzibar. Dada yangu aliyebaki Tanga hana kadhi wa namna hiyo, maana za Bara zilifutwa kwa sheria ya mahakama ya 1963, hata Muungano haujazaliwa. Kwa hiyo kaka mtoa mada, huo "Muungano" wako ndani yake mna serikali moja inayoteua Mufti na nyingine ambayo Katiba yake, ibara ya 19, inasema shughuli za jumuiya za dini ziko nje ya mamlaka ya nchi. Ndani ya pasipoti moja.

Hapo ndipo wanaume wa Bara husema "mnaona, wenzetu wana raha". Subirini. Mimi kesi yangu ikianzia kwa kadhi inaishia Zanzibar. Mahakama ya Rufani, ambayo ni ya Muungano, imezuiwa kuigusa. Dada yangu ya kwake inaweza kupanda mpaka Rufani, na mahakama hiyohiyo, mwaka 1983, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kufua, kulea. Kesi ile ililetwa na mwanamke wa Kiislamu wa Bara. Sasa nambieni nani kati yetu mwenye bahati, mwenye kadhi au asiye na kadhi?

Sijasema kadhi ni mbaya. Aliyenihukumia mimi jambo langu la kwanza alikuwa mzee wa haki, Mungu amlipe. Nasema nyie mmemgeuza kadhi kuwa bendera. Mnaipandisha, mnaishusha, wala hamjui ndani ya chumba kile kunasemwa nini na nani anayelia. Dada yangu yuko mahakamani sasa hivi, Tanga, talaka na nyumba ya vyumba vitatu. Hakuna siku aliyoniuliza kuhusu OIC.

Mtoa mada

Dada, hili la Rufani sikulijua. Nashukuru, na kidogo naona haya.

Mlei wa Minara Miwili

Tumsifu Yesu Kristo, na salamu kwa majirani zangu.

Nilisita kuchangia kwa kuwa kila mada hii ikija, mimi huzungumziwa. Leo nizungumze. Ni Mzanzibari, Mkatoliki, nimebatizwa Shangani kwenye kanisa lenye minara miwili ambalo mabaharia wanaliona kabla hawajaona mji. Kanisa la Waanglikana la Mkunazini lilianza kujengwa 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa, na aliyekuwa akitawala ni Sultan Barghash. Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa Unguja kwanza, ndipo 1868 wakaenda kufungua misheni Bagamoyo. Mwalimu wa Songea, Ukristo wako ulipita mlangoni kwetu.

Sasa nyie Bara mkigombana na Zanzibar mnasema "Wakristo wa kule wanaonewa". Wa huku wakigombana na Bara wanasema "makanisa ni ya wageni, yamekuja na Muungano". Wote wawili mmenifanya mgeni. Mimi niende wapi, niende Kilwa?

Mwaka 2012 makanisa yalichomwa moto hapa, wakati mihadhara ya kupinga Muungano imepamba moto. Yaani mtu amekasirikia Hati ya 1964, anakuja kuchoma mabenchi yangu. Novemba mwaka huo Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi akienda kusoma misa ya Jumapili. Wiki ile nyumbani kwangu hatukuwasha jiko. Chakula kilitoka kwa jirani, Bi mkubwa mmoja aliyetuletea sahani zimefunikwa kawa, jioni hadi jioni, bila kusema neno la siasa.

Nasema hivi kumkubali mtoa mada nusu. Waliochoma walikuwa na hasira ya mamlaka, sawa. Lakini kilichowaka ni kanisa, hakikuwaka jengo la wizara. Ukiniambia "si dini, ni mamlaka", ni kama kumwambia aliyepigwa fimbo kwamba fimbo ile hasa ilikuwa ya mtu mwingine. Mgongo ni wangu.

Na la Ramadhani, kwa kuwa mtalisema tu: mimi sili hadharani mchana, sijawahi, mama alitufunza. Kijana wa Bara aliyekuja wiki iliyopita kufanya kazi hoteli ya Nungwi hajui, na polisi wanamkamata. Hapo nataka sheria iliyoandikwa, ijulikane, kuliko kila mwaka kugombana upya.

Niliyesoma Kuala Lumpur

Wakuu, mnabishana kuandika au kutoandika kana kwamba hakuna aliyejaribu. Malaysia ilizaliwa Septemba 16, 1963, miezi saba tu kabla yetu. Malaya ya Waislamu wengi iliungana na Singapore, na vilevile Sabah na Sarawak, zilizokuwa makoloni ya Mwingereza kisiwani Borneo zenye Wakristo na wafuasi wa dini za jadi wengi. Hofu yao ilikuwa hiihii, ila imegeuzwa: huko wadogo ndio walioogopa kumezwa na Uislamu wa mkubwa. Sabah wakaandika mambo 20 wanayoyataka, na la kwanza kabisa lilikuwa dini. Uislamu uwe dini ya shirikisho sawa, lakini Borneo pasiwe na dini ya jimbo.

Mwaka 1973, miaka kumi tu, Sabah ikabadilisha katiba yake na kuufanya Uislamu dini ya jimbo. Na aliyebadilisha si mkubwa kwa nguvu, ni bunge la Sabah lenyewe, chini ya wanasiasa wa palepale. Sarawak, iliyoungana siku ileile, mpaka leo haina dini ya jimbo. Singapore haikumaliza miaka miwili, ikatolewa Agosti 1965, na kwao ugomvi ulikuwa siasa na kabila.

Kwa hiyo mwalimu, kuandika hakukuwaua. Na wewe unayetaka kiandikwe, kuandika hakukuwalinda pia. Tofauti ya Sabah na Sarawak haikutoka kwenye karatasi.

Mwalimu mstaafu, Songea

Sarawak sikuijua. Nitaisoma. Lakini bado sijasikia mtu anayenionyesha mpiga kura wa Tanganyika ambaye hatauliza mgombea anasali wapi.

Mtoa mada

Nirudi, nisije nikaonekana nimewasha moto nikakimbia.

Mpemba, nakubali kwamba 2008 inaitoboa hoja yangu. Pale kalamu ilikuwa ya Muungano wenyewe na bado ilishindikana, kwa hiyo siwezi kusema yote ni mamlaka. Mlei, nakubali kuhusu mgongo. Nilikuwa nikieleza chanzo cha fimbo nikasahau aliyepigwa.

Lakini serikali tatu siziachi. Mwalimu anasema kampeni ya Tanganyika itakuwa ya dini. Huenda. Ila leo Muislamu wa Bara anayedai kadhi anaambiwa "unataka kutugeuza Zanzibar", na Mkristo wa Bara anayekataa anaambiwa "unawanyima Wazanzibari". Zanzibar inaingizwa kwenye ugomvi usio wake. Tanganyika ikiwa na bunge lake, wa Tanga na wa Songea watatazamana uso kwa uso. Wakikubaliana kadhi awepo au asiwepo, watakuwa wamekubaliana wenyewe, hakuna kisiwa cha kusingizia. Na Zanzibar ikitaka jumuiya yoyote ya nje, swali litakuwa moja tu la kisheria: je, mambo ya nje yaendelee kuwa ya pamoja, ama kila mmoja apewe nafasi ya kujiunga na jumuiya zisizogusa ulinzi? Hilo linajadilika mchana kweupe bila kutaja msikiti.

Mpemba wa Kariakoo

Hilo la mwisho ungelisema mwanzo, nisingekuvua koti. Ila nambie, hiyo Tanganyika ikirudi, duka langu Kariakoo nitakuwa mgeni? Maana nyie mkija kwetu ardhi hampewi, na mmeanza kuhesabu.

Mtoa mada

Uraia ni wa Muungano, jambo la sita kwenye orodha ya mwanzo. Duka lako halina ugomvi.

Mpemba wa Kariakoo

Lisemwalo kwenye orodha na lisemwalo na mwenye nyumba mwisho wa mwezi ni mawili. Tuendelee kesho, adhana hiyo.

Mke wa Unguja, binti wa Tanga

Basi mkishagawana serikali zenu, nitumieni ujumbe mnijulishe kesi ya dada yangu itakuwa upande upi. Hukumu yake inasomwa mwezi ujao, na wakili ameomba hela tena.